Mstari wa Rangi ya Kucha

Idara ya Majengo inawatangazia wapangaji wote kwamba hakuna huduma yoyote ya Idara inayomtegemea mtu mmoja. Huduma hutegemea utaratibu. Watu huja na watu huondoka, utaratibu hubaki palepale. Kwa hiyo wapangaji wanaagizwa kuacha mara moja tabia ya kusimama kwenye ngazi na kumwita kwa kelele mtumishi fulani, tena kwa jina la utani, kana kwamba bila yeye maji hayawezi kupanda.

Tangazo hilo lilibandikwa chini ya ngazi, mahali ambapo lazima kila mtu apite na ndoo yake siku ambayo maji hayajapanda.

Mtumishi fulani ni Mzee Kamba.

Jengo letu lina ghorofa tano na tangi moja juu ya paa. Maji ya mji hutufikia chini tu, kwenye kisima cha saruji kilicho nyuma ya ngazi, na hapo huishiwa nguvu. Kinachoyasukuma mpaka juu ni injini ya petroli ya silinda moja, ndogo kiasi kwamba mtu mzima anaweza kuikumbatia, na ya zamani kiasi kwamba kibao cha kiwanda kimesuguliwa na miaka kikabaki kinang'aa tu, bila habari yoyote. Pampu ya umeme ililetwa kitambo. Ipo. Imo ndani ya sanduku lake la mbao, inasubiri kuungwa waya, na Mzee Kamba hulikalia sanduku hilo anapongoja tangi lijae. Ni kiti kizuri.

Jina la Kamba tulimpa sisi. Kila alfajiri na kila jioni huizungusha kamba kwenye gurudumu la injini, huvuta mara moja kwa mkono wa kulia, injini hukohoa, hutema moshi kupitia bomba lililopenyezwa ukutani, hufikiri kidogo, kisha hukubali. Kwake yeye hukubali. Idara iliwahi kuleta watu wengine wajaribu, maana Mzee Kamba alikuwa ameshaomba kustaafu mpaka ombi lake likazoeleka kama salamu. Wa kwanza alirushwa na kamba akaondoka ameshikilia bega. Wa pili alipomsikia wa kwanza anavyosimulia, hakufika.

Mzee mwenyewe alikuja hapa kwa muda. Mtumishi wa pampu alikuwa binamu yake, akaumwa mgongo, akamwomba amshikie nafasi mpaka apate nafuu. Idara ikasema sawa, kwa muda. Binamu akapata nafuu, akafungua duka la vioo, akanenepa, akazeeka, akazikwa. Mzee Kamba alikwenda mazikoni na kurudi kabla hotuba hazijaisha, kwa kuwa saa ya maji ilikuwa imefika.

Anaishi na mkewe kwenye chumba kilichopakana na chumba cha injini. Mkewe tunamwita Mama Mdogo, ingawa ni mkubwa kuliko mama zetu wengi. Injini ikiwaka, vikombe vyao hutembea kwenye rafu kuelekea ukingoni, kimoja kimoja, kama watu wanaotoka mkutanoni. Mama Mdogo alipigilia ubao mwembamba ukingoni mwa rafu ili visianguke. Ubao huo umeng'aa kwa kugongwa na vikombe. Yeye mwenyewe ana kikohozi ambacho si ugonjwa. Daktari alikisikiliza akasema ni anwani tu.

Binti yao aliolewa kwenye ukumbi wa mtaa wa pili. Kabla bibi arusi hajaingia, Mwalimu wa ghorofa ya nne alitokea mlangoni mwa ukumbi akiwa na ndoo.  Aliiinua ndoo kidogo tu, kwa adabu. Mzee Kamba akavua koti, akalitundika kwenye kiti chake ili watu wasikalie, akatoka. Katika picha ya familia ya siku hiyo, baba wa bibi arusi ni koti.

Binti sasa anaishi mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Ana nyumba yenye ua, na ndani yake chumba cha wazazi chenye kitanda kilichotandikwa tangu zamani. Mjukuu amezaliwa, ametambaa, amesimama, na juzi kwenye simu ameuliza kama ni kweli babu ana miguu.

Swali hilo lilimwingia Mama Mdogo vibaya. Alikata tikiti mbili za basi la Jumamosi, akafunga mabegi, akayapanga mlangoni, akamwambia mumewe sisi wote tukisikia, maana kuta za jengo hili ni za kuazima:

"Baba watoto, Jumamosi basi linaondoka na mimi nimo ndani. Ukiwemo, vizuri. Ukiwa nje, nitakupungia mkono."

"Na makabidhiano?"

"Makabidhiano ni yako. Mimi hawakuwahi kunikabidhi kitu ila moshi."

Makabidhiano yalikuwa na masharti. Mtumishi wa mashine haruhusiwi kuondoka mpaka amkabidhi mtumishi mwingine mashine inayowaka, na ambayo alama zake za kiwandani zinaonana kama zilivyowekwa. Ni masharti mawili, wala si mengi. Ila kwa injini ile, ukitimiza moja huwezi kutimiza la pili, na aliyejua hivyo alikuwa Mzee Kamba peke yake.

Idara ilikuwa imekubali kujaribu tena, na Afisa wake angefika Ijumaa asubuhi kushuhudia. Atakayepokea alifika Alhamisi: mwanamke wa miaka thelathini na ushee, aliyesomea mitambo, mwenye mkoba wa zana uliopangwa vizuri kuliko kabati za wengi wetu. Kabla hajafika chini ya ngazi tulishampa jina. Injinia.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye kelele," alisema Mama Mdogo.

"Sikai sana, Mama. Napokea, namfundisha mtu mmoja hapahapa jengoni, naondoka. Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa, na mimi ndiye mkuu wa shughuli. Bila mimi hata viti havifiki."

Mama Mdogo alimtazama mumewe. Mumewe akaitazama injini.

Asubuhi hiyo Mzee alikuwa ameshapandisha maji, lakini nusu tangi tu. Nusu nyingine aliibakiza makusudi ili Injinia apate kazi ya kujaribia. Alivuta kamba mara moja mbele yake. Injini ikakohoa, ikafikiri, ikakubali. Injinia aliinamisha kichwa akaisikiliza kama daktari aliyebahatika kupata mgonjwa mzima.

"Inawaka vizuri sana."

"Inawaka."

"Basi tuizime, tuifungue."

"Mwanangu, kitu kinawaka, unakifungua cha nini?"

"Alama, Mzee. Haya masharti yao. Pistoni ikiwa juu kabisa, mstari wa kwenye gurudumu unatakiwa utazamane na mstari wa kwenye kava. Hapa naona haujafika. Umepungua vidole viwili."

Mzee Kamba alikaa kwenye sanduku la pampu ya umeme.

Injinia alifungua nati, akaligonga gurudumu kwa ustadi, likachomoka. Kati ya gurudumu na shafti ya injini hukaa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, mafundi hukiita kii, ambacho kazi yake ni kuvishika viwili hivyo visizunguke kila kimoja kwa matakwa yake. Kwenye injini hiyo, gurudumu likikaa mbele kidogo au nyuma kidogo, cheche nayo huruka mapema au huchelewa. Taimingi yote imo mle, kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Injinia alikitoa, akakitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Kilikuwa kimepinda katikati, kina ngazi, kama meno ya chini yaliyokataa kukutana na ya juu.

"Oo! Si unaona? Hii kii imelika. Ndiyo maana mistari haionani." Akaitupa sakafuni. "Mimi ninayo mpya."

Mzee alifungua mdomo. Angesema nini? Kusema kwamba kii ile haikulika, bali ilichongwa, ni kusema kwamba injini imebadilishwa. Injini iliyobadilishwa huitiwa uchunguzi. Anayechunguzwa hasafiri. Mlangoni palikuwa na mabegi mawili. Akafunga mdomo.

Mama Mdogo, ambaye alikuwa ameagizwa kusafisha chumba kwa ajili ya Afisa, akapita na ufagio.

Kii mpya ilikuwa imenyooka kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Gurudumu likarudi mahali pake, pistoni ikapandishwa juu, na mistari miwili ikatazamana uso kwa uso. Injinia alifuta mikono akatabasamu. Akazungusha kamba, akavuta.

Injini ilipiga teke. Kamba ilirudi kwa nguvu kuliko ilivyokwenda, ikamponyoka, mpini ukampiga kwenye kifundo cha mkono, na Injinia akatamka neno ambalo halifundishwi chuoni.

"Pole mwanangu," alisema Mzee Kamba. Alisema kwa haraka mno, kama mtu aliyekuwa na pole hiyo tayari mdomoni.

Alivuta tena, safari hii kwa tahadhari. Kabureta ikapiga chafya ya moshi. Mara ya tatu, teke tena.

Kisha Injinia akafanya kazi, na lazima tuseme aliifanya vizuri. Alitoa plagi, akailaza juu ya kichwa cha injini ikiwa imeungwa na waya wake, akalifunika tundu kwa kitambaa, akavuta kamba. Cheche ikaruka, ya buluu, nono. Akaitazama ncha ya plagi: ina unyevu wa petroli. Akapenyeza geji nyembamba kwenye pointi, yale meno mawili madogo yanayofunguka ili cheche iruke. Nafasi ilikuwa sawasawa. Akachuchumaa, akazungumza na injini kuliko na sisi.

"Cheche unayo. Petroli unayo. Hewa unavuta. Sasa unachokataa ni kipi?"

"Labda haijakuzoea," alisema Mama Mdogo.

"Mama, chuma hakizoei mtu."

"Mimi nimelala na hiki chuma ukutani miaka yote. Kinazoea."

Wakati huo nusu tangi ilikuwa imekwisha. Tulijua kwa sababu mabomba ya jengo yalianza kuguna. Juu, kwenye ghorofa ya nne, Mwalimu alitoka kwenye ngazi. Mwalimu ni mtu anayeheshimu matangazo. Alivuta pumzi akaita:

"Mtumishi fulaniii! Maji!"

"Yanakuja, Mwalimu!" alijibu Mzee Kamba, kwa mazoea.

"Yanakuja kwa miguu?"

Injinia hakucheka.  Alikuwa akilikwangua gurudumu kwa ncha ya bisibisi, chini ya grisi ya miaka. Chini ya grisi palikuwa na rangi ya kijivu. Akakwangua kava. Chini ya grisi palikuwa na rangi ya kijani.

"Mzee."

"Naam."

"Hili gurudumu si la injini hii."

Mzee Kamba aliangalia mikono yake.

"La kwanza lilipasuka," alisema. "Shemeji yangu alikuwa ananisaidia kulishusha, akaliangusha pale kwenye ngazi. Idara ikaleta hili. Likaingia vizuri. Wakashangilia."

"Likaingia, lakini mstari wake ulipigwa kwa ajili ya mashine nyingine. Ukiuweka mstari mahali pake, cheche inaruka pistoni ikiwa bado mbali. Inaisukuma kinyumenyume. Ndiyo hilo teke."

"Ndiyo hilo."

"Na ile kii mbovu…"

"Haikuwa mbovu."

 Injinia akaanza kucheka, taratibu, ameshika kifundo chake kilichovimba.

"Uliichonga mwenyewe. Yenye ngazi, ili gurudumu lirudi nyuma vidole viwili. Mzee, na wewe umekaa hapo juu ya sanduku unanitazama nikipigwa mateke!"

"Nilisema pole."

"Haya, iko wapi? Tuirudishe, watu wapate maji."

Wote wawili walitazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi, haijawahi kuwa safi hivyo. Kisha walimtazama Mama Mdogo na ufagio wake.

"Msinitazame hivyo," alisema Mama Mdogo. "Mlisema pafagiliwe, pamefagiliwa. Takataka nimemwaga mferejini."

Mfereji wetu unaingia kwenye mfereji wa barabarani, na huo unaingia kusikojulikana. Mzee Kamba alikwenda kuutazama hata hivyo. Alisimama pale kidogo, akarudi.

Ikabidi ichongwe nyingine. Mzee alitafuta bisibisi iliyokatika, chuma chake kigumu cha kufaa, akakibana kwenye jiriwa, akashika tupa. Tupa ilitetemeka. Macho yake yalikuwa yameacha kuona vitu vidogo kitambo, ila hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya kuvuta, na kuvuta hakuhitaji macho. Alijaribu mara ya pili, tupa ikateleza ikamkwaruza kidole.

"Lete," alisema Injinia. "Wewe sema, mimi nichonge."

Na hapo ndipo mambo yalipoamuliwa, ingawa mle ndani kulisikika mkwaruzo wa tupa tu.

Mzee alisema, naye akatenda. Alimwambia aingize njiti ya baiskeli kwenye tundu la plagi, aihisi pistoni inavyopanda, mpaka njiti iache kupanda na ianze kushuka. Hapo katikati ndipo juu. Kisha airudishe pistoni chini kidogo, unene wa sarafu. Alimpa karatasi ya sigara, ingawa aliacha kuvuta sigara kabla Injinia hajazaliwa. Pakiti ya karatasi aliiweka kwa kazi hii.

"Ibane katikati ya pointi. Sasa zungusha gurudumu polepole huku unaivuta karatasi. Usiivute kwa hasira, ivute kama unamchomolea mtoto aliyelala shuka. Ikikataa, bado. Ikiachia, hapohapo ndipo cheche inaporuka."

"Imeachia."

"Pistoni iko wapi?"

"Imepita. Ngazi ya kii imezidi kidogo."

"Punguza upande wa kushoto. Kidogo. Kidogo kuliko hicho kidogo."

Alichonga, akajaribu, akachonga. Adhuhuri ikapita. Wapangaji wakaanza kushuka na ndoo, wakisimama kisimani kuchungulia na kutoa ushauri. Mmoja alishauri iombewe. Mwingine alishauri iuzwe. Mwalimu alisoma tangazo la ukutani kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akajaza ndoo yake.

Mara karatasi ikaachia, na njiti ikasema pistoni iko unene wa sarafu kutoka juu, si zaidi, si pungufu. Injinia alikaza nati. Uso wake ulikuwa na masizi shavuni na furaha ambayo Mzee Kamba aliitambua. Alikuwa nayo mwenyewe, zamani, siku ile ya kwanza alipofanikiwa. Hakuijua bei yake kwa sababu siku hiyo hakuna aliyeitaja.

Injinia alizungusha kamba.

"Injinia," alisema Mzee.

"Naam, Mzee."

Alimtazama. Mkono wa kulia wa yule mwanamke ulikuwa umeshajua pa kukaa kwenye mpini. Mwezi ujao mdogo wake anaolewa. Bila yeye hata viti havifiki. Lilikuwa jambo la kusemwa kwa sentensi moja: ukiiwasha hii, mwanangu, hutoki. Mlangoni, Mama Mdogo alikohoa. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya begi.

"Usiizungushie kamba kwenye vidole," alisema Mzee Kamba. "Ishike kwa kiganja tu."

"Asante, Mzee."

Akavuta. Injini ikakohoa, ikafikiri, ikakubali. Vikombe vya Mama Mdogo vikaanza kutembea. Mabomba yakaguna, yakabweka, kisha kutoka juu kabisa tukasikia maji yakiangukia kwenye tangi tupu, na jengo zima likapiga makofi kwenye ngazi kana kwamba kuna mtu ameolewa.

"Nani mwingine anajua kuiweka hivi?" aliuliza Injinia kwa sauti kubwa, kushinda kelele.

"Wewe," alisema Mzee Kamba.

Kilichobaki kilikuwa ule mstari. Injini ilikuwa inawaka, kwa hiyo mistari haikuonana. Vidole viwili, kama zamani. Injinia alipima, akachoka, akakaa kwenye sanduku. Mzee akamsogelea wakakaa wote wawili.

"Kwani hiyo alama yenyewe ni nini?" aliuliza Mama Mdogo.

"Ni mstari, Mama. Mstari kwenye gurudumu, ukutane na huu wa kwenye kava."

"Mstari tu?"

"Mstari tu."

"Na ndio mmenikalia na uso wa msiba tangu asubuhi?"

Aliingia chumbani. Tulisikia zipu ya begi ikifunguliwa, kitu ambacho kilimshtua Mzee Kamba kuliko teke lolote la injini. Akarudi na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, mpya, aliyoinunua kwa ajili ya safari. Injinia aliiweka pistoni juu kabisa, akapaka grisi kwenye mstari wa zamani wa gurudumu la kijivu mpaka ukatoweka, na Mama Mdogo, ambaye mkono wake hautetemeki, akavuta mstari mwekundu kwenye gurudumu, mahali hasa palipotazamana na mstari wa kava. Aliupuliza ukauke.

"Kisheria hii siyo ya kiwandani," alisema Injinia.

"Ya kiwandani ilikuwa inasema kweli?"

Injinia alifikiri. "Hapana. Hii ndiyo kweli."

"Basi."

Afisa alifika Ijumaa, si asubuhi, lakini alifika. Ni mtu mpole anayevaa suruali iliyopigwa pasi hata kwenye mifuko. Alichutama, akafuta miwani, akautazama mstari mwekundu na mwenzake wa kwenye kava ilivyoonana bila kupungua hata unywele.

"Safi," alisema. "Rangi za siku hizi zinababuka upesi. Ya zamani hii, tazama, imekaa."

"Imekaa," alisema Mzee Kamba.

"Na inawaka?"

Injinia akavuta. Ikakohoa, ikafikiri, ikakubali. Afisa alirudi hatua moja kuiokoa suruali.

"Hongera sana. Basi wewe ndiye utakayekuwa hapa."

"Kwa wiki hizi chache, bwana. Nimfundishe mtu. Mwezi ujao nina shughuli ya nyumbani."

"Bila shaka," alisema Afisa. "Ni kwa muda."

Mzee Kamba aliinama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chake hakina kamba.

Jumamosi basi liliondoka nao wote wawili. Mama Mdogo alikaa dirishani. Alitusimulia kwa simu kwamba mumewe alishikilia mpini wa kiti cha mbele safari nzima kwa mkono wa kulia, na kila dereva alipozima injini kituoni yeye alisimama. Mjukuu aliikagua miguu ya babu yake, yote miwili, akaridhika. Chumba kina dirisha la uani. Alfajiri ya kwanza Mzee aliamka kama kawaida, akaenda jikoni, akafungua bomba. Maji yakatoka. Akafunga. Akafungua tena. Akakaa pale kwenye kigoda akiyatazama, mpaka binti yake alipokuja akamwambia, Baba, yanatoka yenyewe, hebu kalale.

Hapa kwetu tangazo bado lipo ukutani. Tunalitii, jina la Mzee Kamba halijasikika tena kwenye ngazi. Injinia alijaribu kumfundisha Mwalimu, kwa kuwa ana wakati na ana nidhamu, lakini kamba ilimvuta bega siku ya kwanza na sasa anapendelea kusaidia kwa ushauri. Mpangaji mwingine aliahidi kujifunza, kisha akahama. Chumba cha pembeni amekichukua Injinia. Ule ubao wa kwenye rafu ameuacha.

Mwezi uliofuata mdogo wake aliolewa. Wanasema harusi ilifana, na viti vilifika. Injinia aliitazama kwenye simu, amekaa juu ya sanduku la pampu ya umeme, akingoja tangi lijae.